Kionga Haipo Kwenye Ramani

Mocímboa da Praia,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mdogo wangu Mwanahawa, Kionga.

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nimeamua kuitika mapema kwa sababu mimi si mtu wa kawaida tena. Kaka yako sasa ni profesa wa chuo kikuu. Wanafunzi wananisikiliza, nina koti la kazi, nina kalamu mbili, na asubuhi chombo kinanifuata mlangoni. Waambie majirani. Waambie hasa wale wanaosema nilifukuzwa darasa la tatu kwa ujinga.

Umekwisha kuwaambia? Haya, sasa rudi ukawaambie kwamba si kweli. Chombo kinachonifuata ni pikipiki ya mtoto wa mwenye nyumba, na siku akiwa na msichana wa kumbeba natembea kwa miguu. Koti ni kizibao cha rangi ya machungwa, kipana hata upepo ukivuma nafanana na tanga. Kalamu moja haiandiki. Na darasa la tatu nilifukuzwa kweli, ila si kwa ujinga, ilikuwa kwa kumwigiza mwalimu anavyotembea. Lakini chuo kikuu kipo, nami nimo ndani yake, kama mchanga ulivyo ndani ya kiatu.

Uhali gani? Magoti yanasemaje? Yule mbuzi wako mwenye kiburi amezaa, au bado anachagua mume? Mimi ni mzima. Nikisema mzima maana yangu ni kwamba nakula, nalala, naamka. Kuna siku nakaa nikiutazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau kwangu. Hauniumi. Watu wakicheka nami nacheka, na mara nyingi anayewachekesha ni mimi mwenyewe, lakini ndani ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Tuyaache hayo. Ningekupigia simu, ila simu yako inaishi mfukoni mwa mkweo, na mkweo akipokea salamu zangu huzipunguza njiani.

Sasa sikiliza habari yenyewe, maana inakuhusu wewe na nazi zako.

Walikuja hapa watu wa chuo kikuu kuchunguza magari na mizigo. Unajua hapa lori haliondoki tu kama zamani. Magari yanakusanyika mwisho wa mji, yanapanga mstari, yanasubiri askari wa kuyasindikiza. Msafara huo tunauita koluna. Unaweza kusubiri tangu asubuhi mpaka adhuhuri, unaweza kuambiwa rudi kesho. Lori linakwenda Palma limejaa sabuni, unga na mafuta mpaka chuma kinalia, halafu linarudi tupu, bodi inagonga njia nzima kama debe. Na huko vijijini mizigo inaoza kwa kukosa gari. Jambo hili wewe na mimi tunalijua bila kusomea, lakini wao wanataka kulijua kwa karatasi. Wakishajua nani anakwenda wapi na kabeba nini, watapendekeza saa za kuondoka, na uwanja mmoja pale Palma wa kukusanyia mizigo. Litakuwapo lori dogo la kuzunguka vijijini kuchukua mizigo na kuileta uwanjani, na malori makubwa yanayorudi tupu yataibeba.

Lakini, Mwanahawa, lori dogo litakwenda kwenye vijiji ambavyo utafiti umeonyesha vina mizigo. Kwingine halifiki. Nawe umeniandikia kwamba nazi zako zimeota uani, na kwamba mgeni aliyepita alikuuliza bei ya miche.

Walitaka mtu anayeyajua malori. Wakaniuliza kazi yangu ya zamani, nikasema ajudante, yaani utingo, wa Abudu, mpaka nywele zikawa nyeupe. Unamkumbuka Abudu, yule dereva aliyekuwa akila kwako huku akiusifu mchuzi wa jirani. Wakanipa kizibao, karatasi na kiti, wakaniweka pale magari yanaposubiri. Kazi yangu ni kumwuliza kila dereva mambo matatu: umebeba nini, unakwenda wapi, utafika lini.

Niliposoma swali la pili nikajua kwamba chuo kikuu hakijawahi kupanda lori.

Nani kwetu anamwuliza dereva anakokwenda? Hata baba, akiwa amevaa viatu na jembe liko begani, ukimwuliza aendako alikuwa akivua viatu na kukaa. Mtu akishafunga mzigo unamwuliza habari za watoto. Akitokea mjinga akauliza, anajibiwa "hapo tu", na yeye anatakiwa aelewe. Hiyo ilikuwapo tangu zamani, kabla ya vita. Vita vilipokuja, desturi ikaota meno. Aliyetaja njia yake, kuna waliomsubiri kwenye njia hiyo.

Lakini mimi nilikuwa na kizibao. Wa kwanza kumwuliza alikuwa Simoni, kijana wa Kimakonde kutoka nyanda za juu, dereva wa lori la bluu. Si kijana tena, ana wajukuu, ila kwangu mimi ni kijana.

"Simoni, umebeba nini?"

"Si unaona, mzee? Chumvi, unga, na shemeji yako yule juu ya magunia."

"Unakwenda wapi?"

Akanitazama. Akatazama kizibao. "Mzee Bakari, umekuwa polisi lini?"

"Ni chuo kikuu kinauliza, si mimi."

"Basi kiambie chuo kikuu nakwenda hapo tu."

"Hapo wapi?"

"Hapo mbele, hapa panapoishia."

"Utafika lini?"

"Nikifika."

Nikaandika: hapo mbele, akifika. Mwandiko mzuri kabisa. Wa pili akasema hapo tu, nikaandika. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye gari dogo la samaki wakavu, akanijibu, "Wewe babu, mama yako hakukufunza?" Nikaona hiyo siwezi kuiandika, nikaandika hapo tu. Wiki tatu nilijaza karatasi hivyo. Niliona nafanya kazi kwa uaminifu, maana sikubuni hata neno.

Anayekusanya karatasi zetu ni binti mmoja kutoka kusini, Celeste. Anasomea udaktari, si wa sindano, wa barabara. Ananiita vovô, yaani babu, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni, kwa hiyo anajua kupunguza bei kuliko kusalimu. Siku moja akanijia na kompyuta mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Vovô, hapo tu ni kijiji gani? Nimetafuta, sikuoni."

"Hukuoni au hukioni?"

"Vovô!"

Nikamweleza. Akakaa chini mavumbini na suruali yake safi. Karatasi zangu zote, mdogo wangu, zilikuwa zinasema kwamba unga wote wa mkoa wa Cabo Delgado unasafiri kutoka hapa mpaka hapo. Kwa yale machache yaliyotajwa na wenzangu wa vituo vingine, kompyuta ilikuwa imechora njia. Ya kwenda Palma ilikuwa nene kama mshipa wa shingo. Baada ya Palma, juu kuelekea mto Ruvuma, palikuwa peupe.

"Kionga iko wapi?" nikauliza.

Akaikuza picha, akaikuza tena. "Hakuna gari hata moja lililosema Kionga. Kwa utafiti huu, vovô, Kionga haipo."

"Mimi nilizaliwa huko."

"Basi ulizaliwa mahali pasipokuwepo."

"Ndiyo maana sijakua," nikamwambia. Akacheka, nami nikacheka, nikarudi kitini. Nikaandika dereva aliyefuata, hapo tu. Nilijua ndani ya kichwa changu kwamba nimekifuta kijiji chetu, na misikiti yake miwili, na uani kwako kunakoota nazi. Nilijua vizuri. Nikasubiri kuumia, nikaona hakuna kinachokuja, nikanywa maji.

Utasema, si ungewabana wale unaowajua wa Kionga, wakakunong'oneza. Hapa sasa inabidi nikwambie jambo ambalo sijakwambia.

Siku ya mwisho ya Abudu mimi nilikuwa naumwa tumbo, sikupanda naye. Lakini nilikwenda kumuaga pale alipokuwa akinywa chai, kwa mama wa vitumbua. Watu walikuwa wengi. Alikuwa amenyoa ndevu. Nikamtania kwa sauti, unajua nilivyo, "Abudu, leo unakwenda kwa nani, mbona unang'aa?" Watu wakacheka. Naye akacheka, akanijibu kwa sauti ile ile, "Nakwenda Mbau, nalala Mbau, na mke wangu usimwambie." Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaja safari yake. Ni kwa sababu nilimchekesha. Lori lilikutwa siku ya tatu, milango wazi, mzigo umechukuliwa. Yeye hakukutwa.

Shehe ameniambia ni kadari ya Mungu, na neno haliui mtu. Nimekubali. Wale wa porini walikuwa wakilisubiri gari lolote, hawakuhitaji chai yetu. Nakubali pia. Lakini mdomo haukukubali. Nikitaka kumbana mtu aseme aendako, ulimi unalala. Si huzuni, huzuni ningeijua. Ni ganzi tu, imeanzia mdomoni ikashuka kote.

Kwa hiyo nikatafuta njia ya kutouliza. Nikamwambia Celeste, "Binti, acha midomo yao. Twende tukasome mizigo."

Sisi maajudante tunapakia kwa mpango mmoja. Kitakachoshuka kwanza kinapakiwa mwisho, nyuma kabisa mlangoni. Kitakachoshuka mwisho kinapakiwa kwanza, mbele, nyuma ya kichwa cha gari. Ukipanda juu ukatazama kutoka nyuma kwenda mbele unaiona safari nzima, kituo baada ya kituo. Hakuna aliyesema kitu, na mzigo umesema yote. Basi nikapanda lori la Simoni. Ndiyo, kwa nyonga hii hii. Askari wakaniuliza kama natafuta mchumba.

Nyuma mlangoni, mafuta na sabuni za dukani, hizo Palma. Katikati, mabati mawili na godoro, mtu anajenga njiani. Mbele kabisa, magunia manne ya chumvi. La mwisho kulia lilikuwa gunia kuukuu la nazi, limetiwa kiraka ubavuni. Nikapitisha kidole kwenye kiraka. Mishono mitatu mbele, mmoja nyuma, mitatu mbele, mmoja nyuma, kwa uzi wa kumbi. Mama alitufunza sote wawili, mimi nikashindwa, wewe ukaweza, na hakuna mwingine pwani hii anayepoteza muda wake hivyo. Lilitoka kwako na nazi, sijui lini, likazunguka mikononi mwa watu, sasa linarudi na chumvi.

Nilikaa na kidole pale. Celeste akaniita kutoka chini, "Vovô, kuna nini?" Nikamjibu, "Gunia moja, Kionga." Akaandika. Ndivyo nilivyokusalimia siku ile.

Profesa wao, bwana mmoja mpole mwenye ndevu zilizochongwa, alisoma karatasi ya mizigo akatikisa kichwa. Akasema ni maarifa makubwa sana, ila kiraka si jibu. Anayehojiwa lazima aseme mwenyewe. Nikamwuliza, "Hata gunia likisema kweli na mtu akasema uongo?" Akasema, hata hivyo. Akanipa mkono kwa heshima. Pa kijiji chetu pakabaki peupe, na wakati wa kufunga utafiti ukawa umebaki mwezi mmoja.

Aliyetutoa hapo ni Simoni, bila kujua. Alirudi na koluna siku ya nne, lori tupu linagonga. Akaruka chini hata hajazima injini.

"Mzee Bakari! Huulizi leo?"

"Niulize nini, wewe umekwisha kufika."

"Basi nitakwambia bure. Nimetoka Palma asubuhi. Kabla ya hapo nililala Kionga, chumvi yote imeshuka Kionga, na njia ile ya mchanga baada ya mikorosho imenila nusu siku. Ajudante wangu ametukana mpaka kwa Kireno. Kina mama wanalia na nazi, wanasema nichukue, mimi niliambiwa nirudi na koluna, ningezipakia saa ngapi? Nimepewa madafu matano kama mtu aliyefiwa."

Akaendelea hivyo mpaka karatasi ikaniishia. Celeste alikuwa amesimama nyuma yangu, mdomo wazi.

"Vovô, mbona leo anasema? Mwanzoni alikataa."

"Kwa sababu amefika."

"Ni hivyo tu?"

"Aliyefika, nani atamsubiri njiani?"

Akakimbia, binti mzima na sandali mkononi, kwenda kumwita profesa. Walisemezana Kireno cha haraka, nikaambulia neno langu moja moja. Mwisho wake ni huu: maswali yamegeuzwa. Hatuulizi tena mwanzo wa safari unakwenda wapi. Tunauliza mwisho wa safari umetoka wapi. Na kweli, Mwanahawa, watu wanasema. Wanasema mpaka unatamani wanyamaze. Yule mwanamke wa samaki wakavu alinieleza safari yake pamoja na maradhi ya mumewe.

Kwenye kompyuta sasa kuna uzi mmoja mwembamba, mwembamba kama unywele, kutoka Palma kwenda Kionga. Huo ni Simoni. Lakini profesa anasema gari moja ni bahati, si njia. Magari mengi ya huko yanageuzia Palma, hayafiki kwetu, na pikipiki na baiskeli za mizigo hazifiki hata Palma zote. Lazima zihesabiwe Kionga penyewe, siku saba mfululizo, na mtu aliyepo hapo. Wao hawajapewa ruhusa ya kupita Palma. Bila hizo siku saba ule unywele unafutwa, na lori dogo litakwenda vijiji vingine.

Celeste aliniuliza kama namjua mtu Kionga anayejua kusoma na kuandika na asiyeogopa kuwauliza watu maswali. Nikamwambia namjua mmoja, na shida yake haijawahi kuwa uhaba wa maswali.

Utaniuliza pia, najua, kwa nini nisije mwenyewe. Kila barua unaniuliza. Nyumba yangu ya huko ilipoungua vitani sikuiona ikiungua, kwa hiyo kichwani bado imesimama, na mimi hapa sina haraka ya kwenda kuyaonyesha macho yangu majivu yake. Labda nikija nitaumia, labda sitaumia. Sijui lipi baya zaidi. Niache kwanza na malori.

Nisalimie shemeji Issa, mumeo, mwambie nimeshindwa kupata mke mwenye uvumilivu kama wake. Salamu kwa mkweo mwenye simu, na hizi asizipunguze. Msalimie shangazi yetu mkongwe Bi Awa, na umpigie kelele sikioni kwamba Bakari bado yuko hai, asije akanisomea hitima kabla ya wakati. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu, na umwombe anikumbuke katika dua, za kawaida, si zile ndefu. Wajukuu wako wote wapige busu, yule anayeng'ata mpige kofi kisha busu.

Sasa nilipe. Usijifanye umesahau. Ulipoolewa, kaka yetu mkubwa ndiye aliyetakiwa kukaa mlangoni siku saba za fungate, kupokea wageni na kuwafukuza walevi. Akakimbilia baharini. Nilikaa mimi, siku saba, juu ya kinu kilichopinduliwa, nikala mabaki, na mwanamke mmoja wa upande wa mume akanimwagia maji akidhani mimi ndiye mlevi. Ukanishika mkono ukasema, "Kaka, kukaa huku nitakulipa." Mashahidi wote wamekufa, ila mimi nipo.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari. Kuanzia siku utakayolipata, keti njia panda, penye duka, siku saba, tangu alfajiri mpaka magharibi. Kila anayeingia Kionga na mzigo, awe na lori, pikipiki, baiskeli au kichwa chake, muulize ametoka wapi na kabeba nini, uandike na saa. Anayetoka usimwulize kitu. Mtakie heri umwache aende.

Barua hii nimempa Simoni. Hakuniambia anakwenda wapi, nami sikumwuliza. Nimeona tu chumvi iko mbele. Anza na yeye, mdogo wangu. Jina lake kwenye mstari wa kwanza, na saa aliyofika. Hilo daftari likinirudia, huo mstari ndio nitakaousoma kabla ya mingine. Uniandikie vizuri, kwa herufi kubwa.

Kaka yako,
Bakari